Kiporo cha Mtandao

Mbwera, Jumanne

Natangaza rasmi, mbele ya mbu wote wa chumba hiki: nimejiuzulu kazi ya kuwasomea majirani mtandao.

Wiki nzima nafungua ukurasa wa waliochaguliwa chuo cha uuguzi, namwambia Bi Mwanaidi, "Jina la binti yako halimo." Leo shemeji yake kaja kutoka Kibiti na laini ya kampuni nyingine. Kafungua ukurasa uleule: jina limo, la tatu!

Kumbe mtandao wangu wa simu, niliokuwa nikiutetea kwenye kila baraza, ulihifadhi nakala ya zamani, ukawa unanipakulia hiyo kila siku. Nami nikampelekea jirani kama wali wa sasa hivi.

"Haya, profesa wa bando," kaniambia Bi Mwanaidi, "mwanangu nimwambie nini?"

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa jana.