Karatasi Zilizokuwa Chini ya Sanduku

Jumapili asubuhi, Mbarara, Uganda. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na baridi ya kiangazi inapenya chini ya mlango.

Kosa la wengi wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza ni kudhani kwamba mtihani wao uko mezani, kwenye uma na visu na gauni la jioni. Mtihani wa kwanza uko nje, kwenye lami ya bandari, pale mtu usiyemjua anaponyoosha mkono kuchukua sanduku lako. Nililijua hilo. Nililieleza vizuri sana. Na jana nusura maelezo yangu yamwache binti yangu nchi kavu.

Binti huyo anaitwa Goreti. Alitoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, miaka kadhaa iliyopita akapelekwa Texas, na huko anamtunza mama mzee, Bibi Doroti, ambaye hawezi kuinuka kitandani wala kupanda ngazi bila mkono wa mtu. Watoto wa Bibi Doroti walimnunulia mama yao safari ya wiki moja melini. Tiketi ya pili wakampa Goreti, aende naye. Bila Goreti, mama yule haendi popote.

Meli ilikuwa iondoke jana.

Kwa wiki tatu nimekuwa mwalimu wa safari ambayo sijawahi kuifanya. Kampuni ya meli ilimtumia Goreti barua ndefu ya Kiingereza, naye akanitumia picha zake ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu tangu utotoni amezoea kwamba baba yake ndiye anayesoma barua. Kabla hatujakimbia Burundi nilikuwa mkuu wa wahudumu wa mezani katika hoteli moja kando ya ziwa, Bujumbura. Mambo ya nguo za jioni na ya bakshishi, ambayo sisi tuliita purubwari, nayajua kutoka upande wa anayepokea. Mke wangu alinisikiliza nikieleza simuni siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akauliza, huku akichambua maharage:

"Baba Goreti, wewe hiyo meli uliipanda mwaka gani?"

Niliendelea kueleza.

Kuhusu mavazi nilimwambia hivi. Mchana vaa unachovaa ukienda kutembelea watu wenye heshima. Nguo za kuogelea zibaki kwenye bwawa, usiingie nazo penye chakula. Jioni, kwenye ukumbi mkubwa, hakuna kaptura wala kandambili. Barua ilitaja siku mbili za mavazi rasmi, na hapo ndipo Goreti alipoingiwa na hofu, akataka kwenda kukodi gauni refu. Nikamkataza. Analo vazi letu la imvutano, vitambaa viwili vyepesi, kimoja kikizungushwa mwilini na kingine kikifungwa begani, alilovaa siku ya harusi ya dada yake. Barua haikulitaja, lakini nimehudumia mezani wageni wa kila aina, na ninajua mlinzi wa mlango anaangalia nini. Anaangalia kama nguo ni safi, kama imekamilika, na kama aliyeivaa amesimama wima.

Kuhusu bakshishi nilieleza kwa urefu zaidi. Melini, nilimweleza, bakshishi ya kila siku huandikwa kwenye hesabu ya chumba, na watoto wa Bibi Doroti wamekwisha kuilipa. Usitoe mara mbili kwa woga. Woga wa mgeni mhudumu anauona, na si kila mhudumu anamwonea huruma. Lakini ukipata mtu aliyemshika bibi mkono bila kuombwa, jioni ya mwisho mpe bahasha ndogo, kisha mwambie msimamizi wake jina lake. Sisi hotelini pesa tuliisahau baada ya siku mbili. Jina lililotajwa mbele ya bosi tulilikumbuka mwaka mzima.

Mtu mmoja tu, nilisema, hayumo kwenye hesabu hiyo: mpagazi wa bandarini. Yeye si wa meli. Anachukua masanduku makubwa kabla abiria hawajaingia kuandikishwa, yanapelekwa ndani kwa njia yao, na mwenyewe analiona lake jioni mlangoni pa chumba. Huyo apewe dola mbili mkononi, pale pale.

Ijumaa nilimrekodia ujumbe wa sauti kuhusu mpagazi huyo. Nauandika hapa kama ulivyo, kwa sababu niliusikia tena jana mbele ya mtu, na ulinichoma.

"Usiling'ang'anie sanduku kama mtu aliyetoka kambini. Mpe, mpe na purubwari yake, tabasamu, uende zako."

Nimekaa kambini miaka mingi. Ninakula, ninafundisha na ninasali kambini. Na bado nilisema hivyo.

Jana nilikuja Mbarara kuchukua suruali yangu ya kanisani kwa Hajji Twaha, rafiki yangu mwenye duka la nguo. Yeye ni mwenyeji wa hapa, Mwislamu, anauza vitambaa na makoti ya mivumba, yaani mitumba, na cherehani yake iko mlangoni. Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Nilimweleza habari za meli tangu mwanzo. Alikuwa anapiga pasi, ananitania.

"Mwalimu, mimi siwezi kukupa kazi kwa hii duka. Utaongea mpaka kastoma aende."

Nikamwekea ule ujumbe wa Ijumaa, ili asikie jinsi ninavyofundisha. Aliacha pasi, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo. Hiyo begi ikienda mbele, karatasi za mtoto ziko wapi?"

Nikasema ziko salama.

"Salama wapi? Sisi wakati tulienda Makka, begi zilichukuliwa kule Entebbe, tukaziona tena kwa hoteli. Pasipoti ilikuwa hapa." Akajigonga kifuani, hapo chini ya ndevu. "Hata kulala tulilala nayo. Ya mtoto wako iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka iko wapi.

Tulipokimbia tulipitia Tanzania, tukaingia Uganda kupitia Kikagate. Pale mpakani, kwenye msukumano, mtu alifungua mfuko wa nje wa begi letu akachukua bahasha: diploma yangu, vyeti vya ndoa na vya watoto, vyote. Ilituchukua miaka kuwa watu wanaoweza kuthibitisha majina yao. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu kuna sheria moja. Karatasi zinakaa chini kabisa ya sanduku, zimefungwa ndani ya nguo bora kuliko zote, na juu yake vinapangwa vitu visivyotamanika. Watoto wangu niliwafundisha hivyo kama nilivyowafundisha sala. Goreti aliondoka Nakivale hivyo, akafika Texas hivyo.

Na Jumapili iliyopita, kwenye simu ya picha, alinionyesha sanduku lake limefunguka kitandani. Akainua nguo moja moja mpaka akafika kwenye imvutano iliyokunjwa. "Papa, unaona? Kadi ya ukaazi iko ndani, na hati ya kusafiria. Chini kabisa, kama ulivyosema."

Nilimpongeza.

Kwa hiyo nilimpa mafunzo mawili, yote mazuri. La kwanza: ficha karatasi chini ya sanduku. La pili: mpe mpagazi sanduku bila kusita. Nilikuwa sijawahi kuyaweka mezani pamoja.

Sanduku likishaingia tumboni mwa meli halirudi mpaka jioni. Bila kadi yake Goreti asingeandikishwa. Bibi Doroti asingekwenda peke yake. Meli ingeondoka na masanduku yao, na wao wangebaki bandarini, na watoto wa bibi wangetaka kujua ni nani aliyeharibu safari ya mama yao.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Hajji akapiga kwa simu yake, hivyo hivyo. Kisha nikakumbuka: Bibi Doroti hapendi simu ndani ya gari, zinamtia kizunguzungu, na Goreti huizima kabisa wakiwa safarini. Aliyewaendesha ni kijana wa bibi, na namba yake sinayo. Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi, saa waliyopanga kuondoka. Safari ya gari ni masaa mawili. Kwa saa zetu, wangefika bandarini saa kumi na mbili jioni.

Nikarekodi ujumbe. Nilianza na Kikagate, ili aelewe sababu. Nikaingia kwenye utaratibu wa bandari, nikamwomba radhi, nikamkumbusha asimwache bibi juani. Nilipomaliza, Hajji aliuliza ni wa muda gani. Dakika nne na kitu.

"Dakika nne? Atakuwa anasikiliza Kikagate, begi imeshaingia ndani ya meli."

Nikakasirika. Kisha nikaufuta.

Mtu aliyezoea kufundisha haoni raha kusema jambo bila sababu yake. Nilisimama pale kati ya makoti yaliyotundikwa nikitafuta maneno ya kuacha, na kila nililoliacha liliniuma. Mwisho nikasema: "Goreti, usitoe sanduku. Kadi iko ndani. Itoe kwanza." Nikaandika pia maneno hayo hayo, kama asingeweza kusikiliza.

Alama moja tu ya kijivu. Maana yake ujumbe umetoka kwangu, kwake haujafika.

Gari la mwisho la kwenda Nakivale lilikuwa linajaza watu. Njiani mtandao hukatika, nami nisingejua lolote mpaka nifike. Nikaliacha liende. Nikampigia mke wangu nikamwambia nabaki, na kwa nini. Akasema tu, "Ongea nami ujumbe ukifika," akakata. Nilitamani anigombeze.

Hajji alikwenda kusali alasiri, akarudi, akashona vifungo. Aliniletea chai sikuinywa. Nilikuwa naangalia simu kila dakika, na kila dakika ilikuwa ile ile alama moja. Saa kumi na mbili ilifika. Saa kumi na mbili na nusu. Nilimwona Goreti akilini akimshusha bibi garini kwa mikono yote miwili, simu ikiwa bado imezimwa mkobani, na mpagazi akija na toroli yake. Nilimwona akitabasamu kama nilivyomwagiza.

Alama ya pili ilitokea. Haikuwa ya buluu. Imefika, haijasomwa.

Hajji alisimama nyuma ya bega langu. Ikageuka buluu.

Kisha dakika ishirini hivi bila jibu. Adhana ya magharibi ilianza. Hajji hakuondoka upesi kama kawaida yake, alisubiri mpaka mwisho wa adhana, akanishika bega, akaenda. Nikabaki peke yangu na mashine na makoti.

Ujumbe wa Goreti ulikuja kabla hajarudi. Sauti yake ilikuwa bado inahema.

"Papa, sanduku lilikuwa limeshapandishwa kwenye toroli. Niliwasha simu nimpige picha bibi na meli, nikaona maneno yako. Nikamwomba yule mzee wa toroli alishushe. Nililifungua hapo chini, Papa, kwenye barabara, mbele ya watu wote. Nilitoa kila kitu. Sidiria, viatu, dawa, unga wa uji wa bibi. Watu walikuwa wanatuzunguka kupita. Nilipofika kwenye imvutano nilikuwa nimeshaanza kulia, na hapakuwa na mahali pa kuiweka. Yule mpagazi akainyooshea mikono miwili, akaipokea, akaishika hivyo isiguse chini mpaka nikapata kadi. Nilimpa dola tano. Sasa tuko ndani. Bibi anataka juisi."

Niliusikiliza mara tatu.

Nilikuwa nimemkataza binti yangu asionekane kama mtu aliyetoka kambini. Akapiga magoti kwenye lami akatandaza maisha yake yote, kama tulivyofanya sisi kwenye kila kizuizi cha barabara, na hicho ndicho kilichompandisha melini. Na mgeni mmoja, anayepokea dola mbili kwa sanduku, alijua namna ya kupokea nguo ya heshima. Hilo sikumfundisha mtu.

Nilimpigia mke wangu. Aliposikia, alicheka kwanza, kisha akasikika akipenga kamasi. Akaniambia nirudi na chumvi.

Nimelala kwa Hajji. Asubuhi hii aliniuliza kama nimeshaandika sheria mpya ya nyumba yangu. Nilikuwa nayo tayari, yenye vipengele na sababu na mifano. Nimeifuta pia.

Wewe unayesoma, huenda huna safari ya meli. Huenda unakwenda kambi ya jirani ya Oruchinga tu kumwona shangazi. Fanya hili leo, kabla ya chakula cha mchana: toa kitambulisho chako chini ya sanduku, ukitie kwenye mfuko wa nguo uliyoivaa.