Kwa Fundi Saidi, Kuhusu Uwanja wa Nyuma ya Ukumbi

Fundi,

Shikamoo. Marahaba yako naijua ilivyokuwa, unaivuta polepole halafu unauliza "mmekula?" kabla mtu hajakaa. Basi nimekula, na mtoto amenyonya amelala. Leo Jumapili, nguo ziko kwenye beseni zinanisubiri, lakini nguo hazinisumbui moyo kama hili ninalotaka kukuambia, kwa hiyo nimeanza na wewe.

Mtoto hukuwahi kumwona. Ulipofariki hata kitovu kilikuwa hakijadondoka, ndiyo sababu sikufika Tanga kukuzika. Nilimpa jina la babu yake, Fabiano, ila vibarua wanamwita Kompresa kwa sababu akinyonya ananguruma kama mashine zetu za viyoyozi. Wewe ndiye ungefurahia hilo jina kuliko wote.

Ile kazi yako ya ukumbi hapa Karatu wamenipa mimi niimalizie. Watu bado wanatania, eti baridi yote hii kiyoyozi cha nini. Hao hawajaingia harusi ya Februari mle ndani, mabati yanawaka juu na bibi harusi anapepewa kwa sahani. Mashine itakuja na lori kutoka Arusha, ile ya kukaa nje uliyokuwa ukiniambia ni "nyumba nzima ndani ya sanduku moja." Kwa sasa tunaiandalia kitako cha zege na tundu la ukutani la kupitishia hewa.

Nilikuta vigingi vyako pale nyuma ulipopapima. Uwanja tambarare, mgumu, msafi, fundi yeyote angefurahi. Nikainama kuushika udongo na papo hapo nikajua. Ule ni uwanja wa kupuria, Fundi. Umesiribwa samadi ya ng'ombe ukasuguliwa mpaka ukakaza. Jirani wa ukumbi, Mama Bura, hupura maharage yake pale kila baada ya mavuno, na mwenye ukumbi hajawahi kumkataza. Siku akipepeta, upepo unachukua makapi yote. Mashine ingeyavuta, wavu ungeziba, na kompresa ingekufa kwa joto. Sisi wa huku tunaujua uwanja kama ule kwa kunusa tu. Wewe wa kwenu kwenye minazi na mihogo ungeujuaje? Hauna bango.

Basi nikang'oa vigingi vyako. Mkono ulikuwa mzito kuving'oa, nakuambia kweli. Nikahamia upande wa tangi la maji, ambako udongo ni laini na tumelazimika kuchimba sana, lakini upepo unakuja ukiwa safi.

Meneja wa ukumbi akatokea. "Mama Fabi, mbona unahamisha?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe yule mzee wenu alikuwa anapiga ramli! Mashine ya watu angeilaza kwenye makapi kama kuku."

Vibarua wakacheka. Na mimi nilicheka, Fundi.

Nilicheka huku najua. Siku uliyopima, mimi nikiwa nyumbani na uzazi, si ulinipigia? Ulisema, "Meneja kanipa pazuri, pagumu kama kigae. Nimemuuliza kama pana shughuli ya watu, kasema hapana, ni petu tu." Kwa hiyo uliuliza. Mimi hata nikiwa mzima nisingeuliza vizuri kuliko hivyo. Aliyekosea alikuwa amesimama mbele yangu anacheka, nami nikamsindikiza.

Nimetafuta kisingizio. Nilikuwa sijalala, mtoto mgongoni, na nilitaka yule bwana anione fundi, asinione mama wa mtu aliyeokotwa kujaza nafasi ya marehemu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalosafisha kicheko kile.

Halafu likazidi. Kesho yake meneja akaniita pembeni. Akasema atawapigia wale wa hoteli ya njia ya kwenda geti la hifadhi, uliowafungia mashine zako za mwisho, awaambie zote zikakaguliwe na zifungwe upya. "Na kazi hiyo nakupa wewe," akasema. Nikaitikia asante. Asante, Fundi. Nilikwenda nyumbani na hilo neno, na kila nikimweka mtoto kwenye ziwa nakuona wewe ukigonga kwa ngumi vyuma vinavyoshika mashine zile, ukisema "hii atakuja kuikuta mjukuu wangu."

Jana nikamfuata palepale tulipokuwa tunakaza mbao za zege. Nikamwambia, "Meneja, uwanja ule ulimpa wewe. Alikuuliza kama pana shughuli ya watu, ukasema hapana."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kwa simu, siku ileile."

"Marehemu hana simu, Mama Fabi."

"Mimi ninayo. Naomba usiwapigie wale wa hoteli. Ukiwapigia, na mimi nitawapigia. Na juzi nilicheka wakati najua, hilo nalo ulijue."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto mgongoni, kama vile yeye ndiye aliyesema. Mwishowe akasema, "Zege ni kesho kutwa. Nitaona nani wa kulisimamia." Akaondoka.

Kibarua mmoja akanong'ona, "Mama Kompresa, umeshajifukuzisha." Mwenzake akaendelea kugonga msumari, bila kuinua kichwa akasema, "Hata mimi nilikuwepo siku ile. Nilimsikia meneja." Tukamaliza mbao, nikapima usawa wa kona zote kwa mpira wa maji, nikaacha nafasi pande zote ya mashine kupumulia. Hata akisimamia mwingine, hatakuta kosa.

Kesho sijui nitaitwa au nitarudi kuuza mboga na mama. Naogopa, sikufichi, mtoto anakula kupitia mikono hii. Ila jana usiku nimelala.

Nisamehe, Fundi. Kicheko kimeshatoka, siwezi kukirudisha mdomoni. Ninachokuahidi ni hiki: niwe kazini au niwe sokoni, anayelitaja jina lako mbele yangu atakuta lina mtu wa kulisemea, hata kama anayelitaja ndiye anayenilipa.

Mungu akupumzishe. Mtoto anaamka.

Mwanafunzi wako,
Paskalina