Bata Mzinga wa Mume Wangu Amemjeruhi Binti Yetu, Nami Nimeficha

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha kufulia, kwa sababu yule ndege amesimama barazani na mume wangu hayupo, na nisipomwambia mtu leo nitapasuka moyo. Tunaishi shambani kusini mwa Minnesota, mimi, mume wangu Verlin na binti yetu Lottie mwenye miaka mitano. Mwaka juzi shemeji yangu Orrin, ndugu yake Verlin, alifukiwa na mahindi ghalani, Verlin akamshika mkono asiweze kumvuta, akaushikilia mpaka ukapoa, na tangu siku hiyo akaacha kuzungumza, akawa mtu wa kufanya kazi, kula na kulala tu, miezi saba nyumba ikawa ya matanga yasiyoanuliwa, hadi jirani yetu Bi Haldis alipomletea kifaranga wa bata mzinga aliyekuwa akidonolewa na wenzake. Verlin akamtia mfukoni mwa shati, akaanza kumsemesha, na kwa kumsemesha yule akarudi kutusemesha na sisi. Nilimpenda ndege yule, mshauri, nisikufiche, nilikuwa nikimsagia mayai ya kuchemsha kwa mkono wangu.

Tulimwita Meja. Sasa ni dume la ratili thelathini na ushee, na tangu theluji ilipoyeyuka amebadilika, kichwa kinageuka kutoka bluu kuwa chekundu kama damu, anaburuza mabawa chini, anatuzibia mlango. Kwa Verlin ni mpole, humlalia gotini, ila mimi naanika nguo nimeshika kifuniko cha pipa la taka kama ngao. Nilipomlalamikia Verlin alicheka, kicheko nilichokuwa nimekisubiri muda wote ule, akasema, "Anakutania tu huyo, usimwonyeshe woga." Nikanyamaza, kwa ajili ya kile kicheko.

Jumamosi iliyopita Lottie alikwenda kuchukua barua kwenye sanduku la kando ya barabara, nami nikiwa naosha vyombo nikamwona Meja anamfuata bila sauti, nikajua kinachokuja, lakini miguu ilikataa, nilisimama pale dirishani nikiangalia, Mungu anisamehe. Alimrukia mgongoni, mtoto akaanguka, akageuza uso, na ukucha wa nyuma ukampasua chini ya jicho, pungufu ya upana wa kidole. Hapo ndipo nilipotoka na ufagio.

Wakati namfuta damu nilimwambia tutamwambia baba umeanguka kwenye ngazi za barazani. Akaniuliza, "Na kwenye sala je, huko nako tuseme nimeanguka?" Nikakisuuza kitambaa, nikaendelea kumfuta. Verlin alirudi, akamtazama kidonda, akachukua nyundo, akashinda mpaka jua kutua akizitengeneza ngazi ambazo hazikuwa na kasoro yoyote, na mimi nikampelekea kahawa.

Naogopa kila upande. Mama mkwe alipotania kwamba Meja ataingia jikoni Novemba, Sikukuu ya Shukrani, ambapo huku kila nyumba hula bata mzinga, Verlin aliinuka mezani na hakusema neno siku mbili. Nikimwambia, atamuua Meja kwa mikono yake, kisha arudi kule kwenye ukimya, na safari hii asitoke. Nisipomwambia, shule inafungwa baada ya wiki mbili na Lottie atashinda nyumbani. Hatoki tena nje. Jana ameniuliza kama Meja anaweza kujifunza kufungua mlango. Nifanye nini?

Mwenye Hofu, Minnesota

*

Mwenye Hofu,

Barua yako sikuipanga foleni. Uliandika namba ya simu, nikakupigia siku ileile, ukapokea kwa kunong'ona na kuniambia bado hujamwambia. Basi haya yasome ukiwa umesimama.

Kwanza, pole. Miguu kukataa si dhambi, hofu imewashika watu wakubwa kuliko wewe. Lakini kumbebesha mtoto wa miaka mitano uongo wako, hapo ulikosea, na vibaya. Umemlinda mume asimjue ndege, ukamlinda ndege dhidi ya mume, binti yako akabaki hana wa kumlinda.

Nimefuga bata mzinga miaka kumi na tisa. Dume aliyelelewa na watu peke yake huamini watu ndio kundi lake, na majira ya kuchipua yakifika hupigania ukubwa kama wenzake wote, akianza na mdogo. Meja hana chuki wala kisasi. Ila mapenzi hayatamtuliza, na jicho lililokoswa Jumamosi linaweza lisikoswe tena. Leo hii afungiwe bandani kwa komeo, kisha atafutiwe mfugaji mwenye madume wenzake na uzio mrefu. Hakuna haja auawe. Verlin akimkumbuka, atakwenda kumtazama.

Lottie mpeleke kwa daktari kesho asubuhi, na daktari aambiwe ukweli. Ukucha wa ndege ni mchafu, na uso ule ataishi nao yeye, si wewe.

Sasa mumeo. Unamshika kama yai, ilhali yeye ndiye aliyeshinda juani na nyundo ili mtoto asianguke tena. Unamnyima haki ya kuwa baba. Na ukweli mchungu zaidi ni kwamba mmemwachia ndege kazi iliyokuwa ya watu. Kifo cha Orrin kinahitaji mtu wa kumsikiliza Verlin, awe mchungaji wenu au mtaalamu, na wewe uende naye, kwani nawe umefiwa.

Mwambie leo, mezani, Lottie akiwepo. Anza hivi: "Sikusema kweli, na nilimwambia Lottie asiseme kweli." Kisha nyamaza. Usimtetee ndege, usijitetee. Akikasirika, mwache akasirike. Akitoka nje, usimkimbilie.

Baki na mtoto.