Risasi Tano kwa Hatua Hamsini

Jumanne, 3 Oktoba

Daktari kasema hapana. Bega jipya la kulia ni chuma na plastiki, halitaki kitako cha bunduki. Si mwaka huu, si mwaka ujao, pengine basi tena. Alisema hayo akiangalia kompyuta. Nikamwuliza, na bega la kushoto je? Akauliza jicho langu la kushoto linaonaje. Haliwezi kulenga, nikamjibu. Akainua mabega — yake mazima, yote mawili!

Nina miaka sitini na tisa. Tangu nikiwa na kumi na minne sijakosa siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu. Tarehe kumi na tano Novemba hata mgodini walikuwa wanatuachia.

Delphine aliendesha njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema, mume wangu, pumzika mwaka mmoja, ukae na mimi ule pai ya tufaha kama binadamu wengine. Nikamwambia bado kuna bastola. Akaubamiza mlango wa gari.

Nimechoka. Hata kuandika kunauma.

Alhamisi, 5 Oktoba

Roland kaja na maoni yake. Huyu ni kaka yake Delphine, tumekuwa kambi moja ya uwindaji miaka thelathini, na hajawahi kukosa maoni. Anasema ninunue rivolva ya arobaini na nne magnum, basi, hakuna mjadala. "Shemeji, ukimpiga kulungu na hiyo hata mguuni, anakufa kwa aibu!" Nilicheka mpaka bega likalia. Lakini Roland mwenyewe bastola kaipiga kwenye makopo tu.

Mchana kutwa nimesoma mtandaoni. Kila mtu ana risasi yake na matusi yake. Mmoja anasema risasi ya tatu hamsini na saba, ile ndogo zaidi, inatosha kabisa ukiwa karibu. Mwingine anamwita muuaji kwa kusema hivyo. Wa tatu anasifia bastola ya magazini ya risasi, ya milimita kumi, na ana picha yake amesimama juu ya nguruwe. Mimi ninataka kujua kitu kimoja tu: nitaweza kumwangusha mnyama bila kumtesa?

Kuna mwaka nilimvunja taya kulungu jike. Tulimpata siku ya tatu, hai bado. Sitaki kuandika zaidi.

Mtu mmoja tu katika mji huu anazijua bastola vizuri. Ensio. Na kwa Ensio sijakanyaga miaka sita.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda. Nilikaa ndani ya gari robo saa kwanza, mzee mzima!

Kisa ni hiki, nikiandike kilivyo. Baada ya yule wa taya niliweka sheria kambini. Kabla ya msimu kila mtu anapiga risasi tano kwenye sahani ya karatasi, ya pai. Nne zisipoingia, hupandi dungu la kuvizia, unabaki jikoni, na bunduki yako haina risasi mpaka msimu uishe. Sahani ya aliyeshindwa inapigiliwa ukutani, na jina lake, na mwaka. Miaka sita iliyopita Ensio, kwa jicho lake lililoharibiwa na sukari, aliingiza tatu. Nikaiinua sahani yake mbele ya watu. Nikapigilia. Alifungasha kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo tunasalimiana misibani.

Karakana yake ya bunduki haijabadilika. Aliniangalia juu ya miwani, akaangalia bega, akasema, "Tauno. Nilijua siku moja kitu kitakuvunjika, sikujua ni kipi."

Nikamweleza shida. Akauliza nitapiga kutoka wapi. Dungu letu la kinamasini. Njia ya kulungu iko umbali gani? Hatua hamsini. Mbele ya hapo ni maji na mierezi, huwezi kusogeza dungu. "Basi ni hamsini," akasema. "Usiniletee habari za nguvu. Kulungu hafi kwa kelele. Risasi unayoweza kuiweka pale unapotaka, hiyo ndiyo yako."

Hata hivyo nilichagua ya arobaini na nne. Mtutu mrefu, nzito mkononi. Nilitaka mkono ujae. Akanikodolea, akaandika risiti.

Jumamosi, 14 Oktoba

Shimo la changarawe, tunakofanyia shabaha, na Roland. Risasi ya kwanza ikapiga teke hadi kwenye meno. Ya pili nilifumba macho. Sahani haikuguswa, si kwa hamsini, si kwa thelathini. Roland anasema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Delphine kanifunga barafu kwenye kifundo cha mkono. Hakusema nilikuambia. Afadhali angesema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimerudi kwa Ensio. Akaifunga karakana, tukaenda shimoni wote wawili, yeye kwenye gari langu, redio ikiongea badala yetu.

Akachukua rivolva, akanipa mgongo, akaijaza. "Piga." Nikapiga, teke, mbali. "Tena." Nikapiga, teke. Mara ya tatu nyundo ikagonga — tik! Hakuna mlipuko. Alikuwa ameweka ganda tupu katikati, mjanja yule! Na mtutu wangu, bila teke lolote, ulizama chini shubiri nzima. Peke yake. Mkono ulikuwa unaogopa kabla.

Tulisimama tukiuangalia ule mkono kama mtoto aliyekojoa kanisani.

"Umeona," akasema Ensio. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akanijazia risasi za arobaini na nne fupi, zile laini, zinaingia silinda ileile. Teke dogo, lakini mtutu ukazama vilevile. Mkono umeshaijua ile bunduki, kasema, haudanganyiki tena. Turudi tukabadilishe.

Nimerudi na rivolva ya tatu hamsini na saba. Ndogo zaidi. Ya watu wenye akili, kwa maneno ya Ensio. Roland kanipigia simu, kaambiwa na Delphine: "Shemeji, sasa unakwenda kuwinda au kuiba benki?"

Jumamosi, 28 Oktoba

Hatua ishirini: tano kwa tano. Hatua thelathini: tano. Arobaini: nne. Hamsini: mbili. Kila siku shimoni, baridi, vidole haviinami. Ganda tupu naliweka mwenyewe bila kuangalia. Mtutu hauzami tena. Sasa tatizo ni macho, na miaka.

Ijumaa, 3 Novemba

Hamsini: tatu. Theluji ya kwanza.

Jumatano, 8 Novemba

Hamsini: nne! Nne! Niliihesabu ile sahani mara tatu, nikaipeleka nyumbani nimuoneshe Delphine. Akanibusu kipara, akasema harufu ya baruti inamkumbusha tulipokuwa wachumba. Leo nimekula vizuri.

Alhamisi, 9 Novemba

Tatu.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya sahani. Roland na bintiye Noelle walipiga na bunduki zao, hatua mia kama kawaida. Roland nne. Noelle tano, zote katikati, anatafuna ubani.

Zamu yangu. Roland alikuwa ameshapigilia kigingi cha sahani yangu. Nikahesabu hatua mwenyewe. Thelathini na tano. Nikamwuliza hii ni nini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, sheria ni ya bunduki. Ya bastola haijaandikwa popote. Nani atajua?" Noelle alijifanya anafunga kiatu.

Ni kweli haijaandikwa. Na nilitaka, Mungu anajua nilitaka. Thelathini na tano naziweka tano nimefumba jicho. Lakini kulungu hatakuja thelathini na tano. Atapita hamsini, palepale anapopita kila mwaka, na mimi nitakuwa nimeshajidanganya, nitapiga. Na atakimbia na taya lake ndani ya mierezi.

Niling'oa kigingi, nikakisogeza. Roland alitukana kwa Kifaransa.

Tatu. Ya nne imepita nje ya ukingo kwa upana wa kidole. Roland akaanza: ukiiangalia kwa upande huu... Nikamwambia ninyamazie, tafadhali. Nilihisi kama nimemzika mtu. Dungu langu atapanda Noelle.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Ensio. Nikamwambia, tatu. Nikamwambia, njoo kambini. "Kufanya nini?" Kupika na mimi. Akakohoa. Kisha: "Wewe viazi unaunguza. Nitapika mimi, utaosha."

Jumanne, 14 Novemba

Tumefika. Theluji mpaka kwenye goti. Roland kawasha sauna, kile chumba chetu cha mvuke, Noelle kashusha mizigo, mimi nimebeba mkate. Mkate!

Ensio aliingia, akasimama mbele ya ukuta. Sahani yake bado ipo. Haoni vizuri gizani mle, akaipapasa, moja, mbili, tatu. Pembeni yake Roland keshapigilia yangu, misumari miwili mipya. Ensio akaipapasa na hiyo. Akasema matundu yake yamekaa pamoja zaidi. Noelle alicheka kwanza, kisha sote.

Ndani ya sauna tulibaki wawili. Nikamwambia, Ensio, mwaka ule. Akamwaga maji juu ya mawe mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Kisha akasema: "Kuhusu jicho ulikuwa sawa. Nisingekuja kukulaumu kwa jicho. Uliinua sahani yangu juu kama unauza samaki. Mbele ya Roland! Miaka sita ananitania dukani." Nikamwambia naomba radhi. Akasema sawa, sogea, umekaa mahali pa joto.

Sijui kama amenisamehe. Lakini alinikwaruza mgongo kwa matawi ya kuogea pale ambapo mkono wangu haufiki.

Jumatano, 15 Novemba

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Noelle alisimama mlangoni na bunduki. Nikamwambia upepo unatoka magharibi, akae kushoto mwa dungu, asivute kamasi. Akanikumbatia upande wa bega zima.

Miaka hamsini na mitano nimekuwa nikienda mimi.

Saa mbili. Kahawa ya pili. Ensio anamenya viazi kwa kugusa, maganda membamba kuliko yangu. Tumesikia mlio mmoja kule kinamasini. Mmoja tu, kisha kimya. Mmoja ni habari njema. Nimefurahi, nimeona wivu, vyote pamoja, bila utaratibu.

Saa tatu kasoro. Sijui niandike vipi. Nimekaa mezani, daftari liko mbele yangu, dirisha liko mbele ya daftari. Kulungu dume ametoka nyuma ya rundo la kuni. Mkubwa. Pembe zenye ncha nane. Labda kakimbia ule mlio. Amesimama ubavu kwangu, anakula majani ya mwerezi uliokatwa. Nikitikisa kichwa ataniona. Mkono tu ndio unatembea, siangalii karatasi.

Ensio kasikia nimeacha kunywa. "Nini?" Nimemwambia bila kufungua midomo. "Umbali?" Hatua kumi na nane. Labda kumi na saba.

Bastola iko kwenye msumari juu ya mkono wangu wa kulia. Tupu, kama inavyotakiwa. Mlango umeegeshwa tu, hauna mlio.

Anataka nimweleze. Namweleza: shingo nene, mvuke puani, kovu begani, jeupe. Ensio amefumba macho anasikiliza, kisu kimesimama kwenye kiazi. Sheria ni yako, ananong'ona. Uliiweka kwa ajili ya nini? Nimemwambia anajua. "Basi huyu utamtesa?"

Hapana. Kwa hatua kumi na saba, hapana. Huyu angeanguka palepale.

Na Ensio miaka sita iliyopita, kwa hatua kumi na saba angeingiza ngapi? Sikumwuliza. Hakuna aliyemwuliza.

Kulungu ameinua kichwa. Masikio yako huku. Hakimbii.

Ensio kaufuta mkono wake kwenye suruali, katia mfukoni, sasa anasukuma kitu juu ya meza, polepole, mpaka kwenye kidole changu kidogo. Risasi. Ya tatu hamsini na saba. Moja. Kaja nayo kutoka nyumbani, huyu mzee! Nimemwuliza, ya kupiga wewe au mimi? Anasema mimi sioni, Tauno, niambie tu anafanya nini.

Anageuka. Ubavu wote sasa. Ensio anauliza tena anafanya nini, nami nimeshika risasi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unaiweka kalamu chini.