Mfuko wa Nyoka Uliofika Bungu

Mkata, nchi ya ng'ombe

Kwa mama yangu, Bi Mwanaidi,

Shikamoo mama. Miguu yako naishika kwa barua, maana mikono haifiki. Lile goti lililokusumbua masika limepoa? Mpunga wa bondeni umesimama, au viboko wameula tena? Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi. Roho ndiyo inayotokota, nawe utaisikia sasa hivi.

Kwanza sikiliza, mama. Barua hii ni karatasi mbili, na kurasa zote nne zimejaa wino. Msomaji akigeuza mara moja tu akasema imekwisha, mwambie bado. Najua anayekusomea ni Mwalimu Shomari, baba mkwe wangu, kwa sababu tangu baba afariki hukubali barua yako isomwe na mwingine. Basi Mwalimu, shikamoo nawe. Soma polepole, kwa sauti, wala usiruke mstari. Wewe mwenyewe ulitufundisha chuoni kwamba barua ya mtu ni amana.

Sefu, dereva wa lori, alinikuta stesheni Jumatatu akanipa habari za huko. Ati Mwalimu amemchukua mke wangu Mwanahawa, amemrudisha kwake, na anadai talaka. Sababu? Ati mimi nimekuwa mchawi, nafuga nyoka bara, na nimewapelekea mmoja nyumbani ndani ya mfuko. Mimi! Athumani mwana wa Bi Mwanaidi, niliyekuwa nikilia kuku akichinjwa! Nilikaa chini palepale relini, mama, Sefu akadhani nimeanguka kifafa.

Sasa kazi yangu isikieni kwangu. Kuna Mzungu huku, mtu mzima mwenye kipara, wachungaji humwita Bwana Nyoka. Anatafuta nyoka walio hai, anawatia sandukuni, wanapanda gari moshi mpaka Dar es Salaam, na huko meli huwachukua Ulaya wakakamuliwe sumu. Kwa sumu hiyo hutengenezwa dawa ya mtu aliyeumwa. Basi, ni hayo tu.

Asubuhi jua likianza kuchoma tunaingia njiani, mimi upande huu, mwenzangu upande ule, tangu kisima cha ng'ombe mpaka lango la mwisho la seng'enge. Huku hakuna mnazi wala kivuli, ni majani makavu na vumbi, na ng'ombe wa settla, Mzungu mwenye shamba, kila upande. Sisi tunasoma vumbi. Nyoka wengi wakikata njia huacha alama ya kupindapinda, lakini kifutu huacha mstari ulionyooka, utadhani mtu ameburuta gogo. Alama ikiwa mbichi tunaifuata majanini. Mmoja anambana kwa fimbo ya ndoano, mwingine anashika mfuko wa kitambaa cha marekani, kisha tunaufunga mdomo haraka. Jasho linalonitoka hapo, mama, ungeliona ungenililia.

Mwenzangu ni Mnyamwezi, mtani wetu, jina lake Maganga. Kwao wana dawa ya nyoka, na mkono wake wote una chale. Mwezi wa kwanza alinisihi anichanje. "Mtani, ukichanjwa, nyoka wenyewe watakuamkia shikamoo." Nikakataa. Nikamwambia watu wa Bungu tuna maneno, nikichanjwa leo, kesho mama mkwe ataambiwa nimeoa chatu. Akacheka, akasema, "Basi ukifa, kofia yako nairithi." Sasa oneni! Dawa nimeikataa kwa kuogopa jina baya, nikabaki na fimbo na viatu, na jina baya limenifika vilevile.

Mwezi uliopita swila alinitemea machoni. Maganga alinikokota mpaka zizini akaniosha kwa maji, kisha kwa maziwa. Siku tatu sikuona hata kiganja changu, nikawa najiuliza kama nitamwona tena Mwanahawa. Mchawi gani huyo anayetemewa mate na nyoka wake mwenyewe? Na nikiwa nimelala hivyo, macho yamefungwa kitambaa, nikamsikia Bwana akimwambia karani aandike kwamba swila yule amekamatwa na Bwana. Ebo! Penye sifa jina langu halimo, penye fedheha nimeandikwa mimi peke yangu.

Kosa langu ni moja, nalikiri mbele yenu. Nilipotaka kumpelekea mke wangu kanga na sukari sikuwa na cha kutilia. Nikachukua mfuko wa kazi uliochanika, nikaufua kwa sabuni mara mbili, nikauanika, nikaushona. Lakini sikuugeuza ndani nje. Nyoka alikuwa amejivua gamba humo, likanasa kwenye pindo. Gamba tupu, jepesi kama ganda la kitunguu! Ndilo lililodondoka mbele ya Mwalimu, akapiga kelele mpaka watu wakatoka msikitini. Ati jini la mali. Jini la mali, na mama yangu analala chini ya makuti yanayovuja! Huyo jini mvivu namna gani?

Mwalimu, nakuuliza kwa adabu, na adabu yenyewe imebaki kidogo. Siku chatu alipoingia bandani mwa kuku wako, nani aliyeingia kwa magoti akamtoa? Wanafunzi wote walikuwa juu ya miti, na wewe ulikuwa juu ya meza unasoma Yasini. Siku ile uliniita shujaa, na posa yangu ukaipokea kabla mwezi haujaandama. Mkono ni huuhuu. Tena wenyewe husema mchawi mpe mwana amlee. Haya, kama mimi ni mchawi, mwanao ulishanipa, mbona unaninyang'anya?

Mama, nisalimie mjomba anayekata mikoko huko visiwani, na shangazi wa Chumbi, mwambie dawa yake ya mbu bado ninayo. Mdogo wangu anayeamia ndege shambani mwambie nimemwekea kisu. Jirani yetu muuza maandazi, najua yupo mlangoni anasikiliza, naye nisalimie.

Ukurasa huu wa mwisho ni wako, Mwalimu, ila usome kwa sauti vilevile.

Talaka siandiki. Ukinipeleka kwa Liwali nitakuja, na Liwali atauliza neno ambalo wewe hukuliuliza: mke mwenyewe anasemaje? Wewe ulimwamuru autie mfuko moto nyuma ya jiko, ukaenda kuswali adhuhuri, ukarudi ukaona majivu, ukaridhika. Mwalimu, yale yalikuwa majivu ya pakacha bovu.

Mfuko ninao hapa. Sefu ndiye aliyeniletea ile Jumatatu. Umefuliwa tena, na safari hii umegeuzwa ndani nje. Ndani yake mna msala wa ukindu, mwekundu na mweusi, aliousuka Mwanahawa barazani kwako, na Sefu anasema wewe ulikuwa ukipita kila siku ukimsifu kwa kazi nzuri. Nami siandiki haya kwa kumsaliti. Alimwambia Sefu, "Mwambie aandike yote, na baba ayasome mbele za watu. Mimi nimechoka kunyamaza."

Leo alfajiri nimeuswalia msala wako, Mwanahawa. Kama upo hapo, funga mzigo wako urudi kwa mama yangu.

Na wewe Mwalimu, ukimaliza kusoma, mpishe apite.

Mimi mwanao, mama,
na mkweo, Mwalimu, utake usitake,
Athumani