Soko Lililofungwa kwa Jina Langu

Jumatatu, 4 Mei
Chai ya rangi, bodaboda kutoka nyumbani Gungu, kisha lifti hadi sokoni, kati ya kijiji na kambi ya wakimbizi. Kama wiki iliyopita. Mama Esta, mjane wa Kiha, anawauzia wakimbizi mawese. Esperansi, Mrundi wa kambini, anawashonea wanakijiji nguo. Lugha zao zinaelewana, wanataniana kutwa. Utafiti wangu unauliza soko hili linamnufaisha nani. Wenye malori wanaoleta bidhaa wanavuna zaidi, kweli. Ila maskini wa pande zote mbili wanakula kwa sababu yake. Nimeandika yote mawili.

Alhamisi, 7 Mei
Profesa, mkuu wa idara yangu, amepiga simu. Ripoti yangu ameifupisha kwa ajili ya wakubwa wa serikali. Nimeomba nione kwanza. Utaiona mkutanoni, kasema. Sijapenda.

Jumanne, 12 Mei
Mkutano na wakubwa, mjini. Wamesoma ule ufupisho: soko linaongeza pengo la kipato. Basi. Nusu ya pili, ya maskini wanaokula kwa sababu ya soko, imekatwa. Kwa hiyo, wakaamua, soko lifungwe. Nikasimama, nikasema wenye malori watapata njia nyingine, watakaoumia ni akina mama.
"Daktari," ofisa akasema, "sisi tumefuata utafiti wako."
Watu wakacheka. Profesa akanivuta nguo nikae. Namchukia.

Jumatano, 13 Mei
Mabanda yamevunjwa. Mawese yamemwagika, nzi wamejaa. Wakimbizi hawaruhusiwi tena kutoka kambini. Nilimwamkia Mama Esta. Aliitikia bila kunitazama.
"Mwanangu, ulisema unaandika ili tusikike."
"Niliandika, mama."
"Sasa wamesikia nini?"


Ijumaa, 15 Mei
Nimeitaka idara iondoe jina langu kwenye ule ufupisho. Ripoti kamili nimeipeleka gazetini. Profesa kanipigia, sauti ya upole kabisa: "Utastaafu ukiwa mhadhiri." Nimemkatia simu.

Jumapili, 31 Mei
Gazeti halikuchapa. Cheo nilichokuwa nakisubiri kapewa mwenzangu. Malori sasa yana kibali, yanaingiza mawese kambini kwa bei yanayotaka.
Nimekwenda kwa Mama Esta. Amerudi shambani. Alinisogezea kigoda na kisu, tukamenya muhogo.
"Esperansi mzima?" akauliza.
Nikamwambia sijui, walinzi wa kambi walinizuia getini.
Akaguna. Akaniongezea muhogo, tukaendelea kumenya.