Toa Taulo Mlangoni

8 Februari

Baba shikamoo,

Mgongo unakuacha ulale siku hizi? Mjukuu wako kaota meno mawili ya juu, anayajaribia begani kwangu. Mimi mzima, ila Jumapili kwenye chumba hiki ni ndefu. Namsemesha mtoto mpaka nachoka kujijibu.

Juzi nikamtoa. Kuna jumba la makumbusho hapa, la magari ya zamani tu, yanang'aa kama sufuria mpya. Baba, lile lori la pua ndefu ulilokuwa ukilitengeneza nikiwa mdogo lina ndugu yake humo. Nikalinusa. Halinuki oili wala chochote, nikakukumbuka vibaya.

Sasa sikia. Ngazi hazikuzuii. Kuna njia ya mteremko, na juu unapanda kwa lifti. Wewe hukumkabidhi mtu gari kabla ya kulijaribu barabarani, basi nami nimekujaribia. Nilisukuma kigari cha mtoto kila kona, nikijifanya ndicho kiti chako cha magurudumu. Hakikugonga popote. Mbele ya lori nikasema, "Haya baba, tazama." Mlinzi akaniangalia.

Njoo. Na mjukuu wako hujamwona bado.

Binti yako

2 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unalala, mwenyewe ndiye macho.

Magari hayo nimeyalalia chini maisha yangu yote, siku jeki ilipoteleza moja likanilalia mimi. Tumemalizana. Nije watu walipe kiingilio waone vyuma vikuukuu viwili, lori na mimi? Tangu siku ile sijavuka mlango wangu, chakula analeta jirani.

Swali moja tu, la kifundi. Wewe unakaa ghorofa ya ngapi?

Baba yako

19 Machi

Baba shikamoo,

Ya tatu. Lifti hatuna. Jumba la watu nimelipima lote, kwangu nikapasahau. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, na hapo hapo nikakaa.

Binti yako

30 Mei

Baba shikamoo,

Kimya chako kinanitisha. Unakula?

Nimehama. Nimepata chumba cha chini, nyuma ya duka la dobi. Dirisha linatazama ukuta, na jirani niliyekuwa nimeanza kucheka naye nimemwacha kule juu. Seremala kaniondolea kizingiti. Akauliza, "Nani anakuja?" Nikamwambia, baba. Kila akipita ananiuliza tena. Baridi inaingia chini ya mlango, naziba kwa taulo.

Mjukuu wako anatembea sasa. Jumapili tunakwenda kulekule, nasukuma kigari kitupu, yeye kakishika ubavuni. Mlinzi ananiambia, "Mzee wako bado?" Namwambia yuko njiani.

Usiniaibishe kwa mlinzi, baba.

Binti yako

14 Juni

Binti yangu,

Marahaba, na mjukuu marahaba yake.

Nakula. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukupa neno ambalo sijalijaribu barabarani. Wiki ya kwanza baada ya barua yako ya ngazi nilifika mlangoni, nikarudi. Baadaye nikafika kwa kinyozi. Akasema, "Fundi, nilijua umekufa." Nikamwambia anyoe, aache maneno. Jana nimefika kituo cha basi peke yangu, mikono imechubuka. Dereva kasema kiti kitafungwa nyuma, mimi nikae mbele.

Lori hilo tutalitazama, lakini si siku ya kwanza. Siku ya kwanza nataka kukaa na nyie tu.

Nafika Jumamosi. Toa taulo mlangoni.

Baba yako